Dakika Kumi za Mazoezi Kazini: Ustawi wa Wanawake Wanaowahudumia Wagonjwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 70 ya wafanyakazi wote wa afya na huduma za jamii duniani ni wanawake. Hao ndio wauguzi, wakunga, wahudumu wa wodi na wasafishaji ambao wagonjwa wetu hukabidhiwa mikononi mwao mchana na usiku. Tumezoea kuuliza hali ya yule anayehudumiwa. Ni nadra kuuliza hali ya yule anayehudumu. Hata hivyo, mgongo wa muuguzi ukichoka, anayeumia si yeye peke yake, bali pia mgonjwa anayesubiri kugeuzwa kitandani na familia inayomsubiri nyumbani. Makala haya yanaeleza jambo moja dogo lililofanyiwa uchunguzi wa kina, yaani mazoezi mafupi ya viungo yanayofanywa na wafanyakazi kwa pamoja ndani ya saa za kazi, na ni kwa nini mahali na wakati wa kuyafanya huleta tofauti kubwa.

Mzigo usioonekana

Kazi ya uuguzi kwa kawaida huhesabiwa kuwa kazi ya upole, na upole huo huificha nguvu inayotumika. Kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kumsogeza juu ya godoro, kumwogesha, kumzuia asianguke: hayo yote huufanya mgongo uiname na kupinda huku mikono ikibeba. Mgonjwa si gunia. Hana mahali pa kushikia, uzito wake haukai katikati, naye anaweza kushtuka na kujivuta ghafla. Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani Thomas Waters, wa taasisi ya taifa ya usalama na afya kazini, alipendekeza kwamba anayemhamisha mgonjwa kwa mikono asibebe zaidi ya kilo 16 hivi, na uzito unaozidi hapo ubebwe kwa msaada wa vifaa. Yeyote aliyewahi kumwinua mgonjwa mtu mzima anajua jinsi kilo hizo zinavyopitwa upesi.

Matokeo yake ni maumivu ya kiuno, shingo na mabega, ambayo ni malalamiko ya kawaida sana miongoni mwa wanawake wa kazi hii. Wengi huyavumilia kwa dawa za kutuliza maumivu. Wengine hupunguza saa za kazi, na wengine huacha kabisa, wakaondoka na ujuzi uliochukua miaka kuupata.

Kutembea siku nzima si mazoezi

Hapa huzuka swali la haki: mwanamke anayesimama na kutembea wodini kwa saa nane au kumi na mbili, anahitaji mazoezi ya nini tena? Je, hajautumikisha mwili wake vya kutosha?

Watafiti wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, miongoni mwao Andreas Holtermann wa Denmaki na wenzake. Wameonyesha kwamba shughuli za mwili zinazofanywa kazini hazileti faida ile ile inayoletwa na mazoezi ya hiari, na wakati mwingine hudhuru. Sababu zake si ngumu kuzielewa. Kazi hudumu kwa saa nyingi, lakini nguvu inayotumika kwa sehemu kubwa ya muda huo haitoshi kuimarisha moyo wala misuli. Mkao hurudiwa ule ule, na misuli ile ile huchoka. Tena mfanyakazi hawezi kuchagua wakati wa kupumzika, kwa maana mgonjwa anapoita, ameita.

Mazoezi yaliyopangwa ni kinyume chake. Ni mafupi, yana nguvu ya kutosha, yanagusa misuli iliyolengwa, uzito wake huongezwa hatua kwa hatua, na baada yake mwili hupewa nafasi ya kupumzika na kujijenga. Msuli ulioimarika hutumia sehemu ndogo zaidi ya uwezo wake kuinua mzigo ule ule. Mgonjwa habadiliki uzito. Anayebadilika ni anayembeba.

Yaliyoonekana nchini Denmaki

Mwaka 2015, Markus Due Jakobsen, Lars L. Andersen na wenzao walichapisha matokeo ya utafiti uliowahusisha wanawake 200 wanaofanya kazi katika idara 18 za hospitali 3 nchini Denmaki. Idara ziligawanywa kwa kura katika makundi mawili, ili wanaofanya kazi pamoja wabaki pamoja. Kundi la kwanza lilipangiwa mazoezi ya dakika 10, mara 5 kwa juma, kazini, ndani ya saa za kazi, wakiwa pamoja na wenzao na chini ya mwelekezaji. Kundi hilo pia lilipewa vikao visivyozidi vitano vya kuwatia moyo wadumu katika mazoezi. Kundi la pili lilipangiwa dakika hizo hizo na idadi hiyo hiyo ya siku, ila kila mmoja afanye peke yake nyumbani wakati wa mapumziko. Wote walipewa ushauri juu ya namna salama ya kumhamisha mgonjwa na kutumia vifaa vya kuinulia. Mpango ulidumu majuma 10.

Vifaa vyenyewe havikuwa vya gharama kubwa: mikanda ya mpira inayovutika, mipira mikubwa ya mazoezi na vyuma vyenye mpini wa kushikia.

Baada ya majuma hayo, waliofanya mazoezi kazini walikuwa na maumivu madogo kuliko waliofanya nyumbani, kwa tofauti ya wastani wa pointi 0.7 katika kipimo cha 0 hadi 10. Misuli ya mgongo wao iliongezeka nguvu zaidi. Matumizi yao ya dawa za maumivu yalikuwa pungufu kwa siku 0.4 kwa juma, yaani takribani siku mbili katika kila majuma matano. Taarifa zilizofuata kutoka utafiti huo huo zilieleza kwamba wanawake hao walijisikia wachangamfu zaidi na wenye uwezo zaidi wa kuyatawala maumivu yao, na kwamba kuaminiana na kushirikiana ndani ya timu zao kuliongezeka.

Kwa nini pamoja, na kwa nini kazini

Siri ya matokeo haya imo katika tarakimu moja inayoweza kupitwa kwa urahisi. Waliopangiwa mazoezi kazini waliyafanya kwa wastani mara 2.2 kwa juma. Waliopangiwa nyumbani waliyafanya mara 1.0 tu. Hakuna kundi lililotimiza mara tano. Lakini wale wa kazini, kwa wastani wa dakika 22 tu kwa juma, walipata nafuu iliyo wazi kuliko wenzao.

Tusiwahukumu wale wa nyumbani kuwa ni wavivu. Mwanamke anapotoka zamu, mara nyingi huingia zamu nyingine: chakula, watoto, mzazi mgonjwa, usafi wa nyumba. Kumwambia aongeze mazoezi juu ya hayo ni kumwongezea deni. Bali dakika kumi zinapotengwa kazini, hazimnyang'anyi chochote. Tena mwenzake akimwita kwa jina na kumwambia, "Dada, twende, wanatusubiri," ni vigumu kubaki kwenye kiti. Umoja ni nguvu, wasema wahenga, na hapa nguvu hiyo yaweza kupimwa hata kwenye misuli.

Kuna faida nyingine. Katika dakika hizo kumi, muuguzi mkuu, mwanafunzi na msafishaji hunyoosha mikono pamoja, na hucheka pamoja pale mmoja anapoyumba. Timu inayojuana hivyo haioni haya kuombana msaada wakati wa kumwinua mgonjwa mzito. Huenda faida hiyo ikamlinda mgongo kuliko zoezi lenyewe.

Hapa pia ndipo suala hili linapogusa haki. Papa Leo XIII, katika waraka wake wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba kazi isizidi nguvu za mfanyakazi, na kwamba muda wa kupumzika upimwe kadiri ya aina ya kazi na afya ya anayeifanya. Wazo hilo halijazeeka. Anayenufaika na nguvu za mwili wa mfanyakazi anao wajibu wa kushiriki katika kuutunza mwili huo.

Mipaka ya kuzingatiwa

Ukweli wote usemwe. Nafuu iliyopatikana, kwa wastani, ilikuwa ndogo. Mazoezi hayakuwaondolea watu maumivu yote. Utafiti ulidumu majuma 10, basi hautuelezi hali ya miaka. Tena kundi la kazini lilipewa vikao vya kutiwa moyo, na hivyo haiwezekani kutenganisha kabisa tunda la mazoezi na tunda la vikao hivyo.

Zaidi ya hayo, mazoezi hayachukui nafasi ya watumishi wa kutosha, wala ya vifaa vya kuinulia wagonjwa, wala ya mapumziko halali. Wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini haitaponywa kwa mikanda ya mpira. Kiongozi anayeleta mazoezi ili asiulizwe juu ya upungufu wa watumishi atakuwa amegeuza jambo jema kuwa pazia.

Namna ya kuanza

Kwa hospitali, kituo cha afya au zahanati inayotaka kujaribu, mambo machache ni ya msingi. Kwanza, muda uwe sehemu ya saa za kazi na uandikwe kwenye ratiba. Nusu ya wafanyakazi wabaki na wagonjwa wakati nusu nyingine ikifanya mazoezi, kisha wapokezane. Pili, kiongozi wa idara naye ashiriki, kwani mkubwa akikaa ofisini, wadogo huona wanaiba muda. Tatu, pawepo chumba chenye faragha, ili wanawake wajisikie huru na mavazi yao ya kazi. Nne, apatikane mwelekezaji, kama mtaalamu wa fiziotherapia, wa kuwafundisha wafanyakazi wawili au watatu ili waendeleze wenyewe.

Mazoezi yalenge mgongo, mabega, tumbo na mapaja. Kuvuta mkanda wa mpira kuelekea kifuani, kuchuchumaa na kuinuka, na kuinua mikono pembeni dhidi ya mkanda ni mwanzo unaotosha. Uzito uongezwe pole pole. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, mwenye shinikizo kubwa la damu au mwenye jeraha apate kwanza ushauri wa daktari. Na mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi au udhaifu wa miguu, au kushindwa kuzuia haja, asingojee mazoezi. Awahi matibabu mara moja.

Ndugu msomaji, huenda wewe si muuguzi, lakini pengine u mume, mtoto au jirani wa muuguzi, au umo katika kamati inayosimamia kituo cha afya. Mume anaweza kupokea sehemu ya zamu ya pili inayomsubiri mkewe mlangoni. Mjumbe wa kamati anaweza kuuliza katika kikao kijacho: je, wanaowainua wagonjwa wetu wametengewa hata dakika kumi za kuitunza migongo yao?