Siku Moja Mjini Reykjavik

Kisiwa cha Aisilandi kimekaa baharini baina ya Ulaya na Amerika, na kwa sababu hiyo watu wengi hukiona kwa kupita tu. Katika miaka ya 1960 shirika la ndege la Loftleiðir, lililokuwa likivusha abiria kwa nauli nafuu baina ya Luxembourg na New York, liliwakaribisha wapumzike kisiwani kidogo kabla ya kuendelea na safari. Desturi hiyo haikufa, maana hata leo abiria wa Icelandair anayevuka bahari aweza kukaa hadi siku saba pasipo kuongezewa nauli. Lakini mwenye pasipoti ya Kenya hawezi kutoka nje ya kiwanja cha ndege bila viza ya Schengen, basi yafaa aipate kabla ya kuondoka kwao.

Je, mtu aliye peke yake, mwenye siku moja tu, afanye nini? Wengi hukodi motokaa papo hapo kiwanjani Keflavik, wakakimbilia mchanga mweusi wa Reynisfjara, mwendo wa zaidi ya maili 100 kutoka mji mkuu. Hilo ndilo kosa. Mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda wa saa nne hivi, barabara zina barafu, na upepo waweza kuuvunja mlango wa motokaa mkononi mwa anayeufungua. Huko Reynisfjara mawimbi huja ghafula yakamzoa mtu aliyesimama pakavu, na wageni kadhaa wamekufa hivyo. Mwenye wenzake ana wa kumpigia kelele. Wa peke yake hana. Ikiwa hapana budi kwenda, na amwachie mtu habari za njia yake na saa ya kurudi.

Kwa kweli hana haja ya kwenda mbali. Basi la kwenda Reykjavik huchukua muda wa dakika 45 hivi, likipita katika uwanda wa mawe meusi yaliyotapikwa na ardhi zamani. Milima ya moto ya rasi hiyo ilikuwa imenyamaza kwa karibu miaka 800. Ikaamka mwaka 2021, na Novemba 2023 wakazi wote wa mji wa Grindavík walihamishwa.

Maana ya jina Reykjavik ni ghuba ya moshi, ingawa huo ulikuwa mvuke wa chemchemi za moto. Hapo kale wanawake wa mji walibeba nguo mgongoni mwendo wa maili mbili hivi, katika theluji na giza, wakazifue katika chemchemi za Laugardalur. Mwaka 1930 maji hayo yaliletwa mjini kwa bomba ili kutia joto shuleni na katika nyumba chache. Siku hizi karibu kila nyumba mjini hupata joto kwa njia hiyo. Mgeni akifungua mfereji wa maji ya moto atasikia harufu ya yai bovu. Asidhani kuna kitu kilichooza. Ndiyo harufu ya maji yale.

Karibu na chemchemi hizo pana bwawa la kuogelea la watu wote, na kiingilio chake si kikubwa katika nchi ambayo kila kitu ni ghali. Kabla ya kuingia sharti mtu aoge kwa sabuni, uchi kabisa, mbele ya wenzake wa jinsia yake. Jambo hili huwatahayarisha wageni wengi, lakini wenyeji hawalioni kuwa ni neno. Baada ya hapo hukaa katika maji ya moto hadi shingoni, theluji ikiwaangukia kichwani, wakizungumza. Hapo msafiri wa peke yake hupata wenzi. Hawana majina ya ukoo kama Waingereza: Jónsson ni mwana wa Jón, na Jónsdóttir ni binti Jón, jambo ambalo mtu wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa mara mbili.

Na mgeni akisema atoka Kenya, huenda akatajiwa Olkaria. Tangu mwaka 1979 Aisilandi imefundisha wataalamu wa nchi mbalimbali kazi ya kutumia mvuke wa ardhini, na Wakenya wengi wamepitia mafunzo hayo. Wao hukaa miezi sita.