Gari linalojiendea na gari linalosubiri: Mguu wako umezoea lipi?

SHANGAZI yangu alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje ya gari. Mkono wa kushoto ulikumbatia trei ya mayai, wa kulia ulishika mlango. Mimi nilikuwa kwenye usukani, nimesimama kando ya barabara hapa kwetu Gashonga, wilayani Rusizi, mbele kidogo ya njia inayoelekea kwake. Ndani ya gari kulikuwa kimya kabisa. Nikaondoa mguu kwenye breki ili nigeuke nyuma kumpa mkoba wake. Gari likaondoka.

Halikuruka wala halikunguruma. Liliondoka polepole kama mtu anayenyata, hatua mbili hivi, lakini kwa mama wa miaka 68 mwenye mguu mmoja tu ardhini hatua mbili zinatosha. Alianguka kwa ubavu kwenye majani. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na nikashuka mbio. Namshukuru Mungu, gurudumu la nyuma halikuwa limemfikia. Alichubuka kiwiko na nyonga ikamuuma kwa wiki mbili. Mayai hayakubaki hata moja.

Kilichonishangaza ni kwamba asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimeendesha gari lilelile, la umeme, na nilipoondoa mguu lilisimama tuli. Iweje jioni liondoke?

Jina la kampuni iliyolitengeneza silitaji, kwa sababu gari halikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa letu sisi wenyewe, na ndiyo maana naandika, maana magari haya yanazidi kuingia nchini na wengi wetu tutayaendesha, tutayapanda au tutapishana nayo tukiwa kwa miguu.

Mguu uliosomea kwingine

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa na kusomea Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania, ambako wazazi wangu walikimbilia. Mwaka 1995, nikiwa na miaka 17 na kidato cha pili mkononi, tulivuka daraja la Rusumo kurudi nyumbani. Kati ya mambo ninayokumbuka siku ile ni dereva wa lori lililotubeba alivyohama kutoka upande wa kushoto wa barabara kwenda kulia. Alitueleza kuwa kuhamisha lori si kazi. Kazi ni kuhamisha mazoea, kwani hata baada ya miaka mingi ya safari, akisinzia kidogo mkono wake huvuta kushoto.

Sisi tuliorudi tunayajua hayo. Tulihamisha lugha darasani, tukahamisha fedha, hata namna ya kusalimia wakubwa. Wafanyabiashara wanaovuka kwenda Bukavu au Kamanyola wanayajua pia, kwa sababu kila upande una desturi zake.

Udereva nilijifunzia hapa Rusizi, kwa gari la gia za mkono. Katika gari la namna hiyo, ukisimama mlimani unabana klachi, unavuta breki ya mkono, kisha unaachia taratibu huku ukiongeza mafuta. Ukikosea, gari linarudi nyuma au linazimika. Mtu aliyejifunzia kwenye vilima vya Gashonga haogopi mahali popote, au ndivyo nilivyodhani.

Siku moja, mipangilio miwili

Binamu yangu, mtoto wa shangazi huyohuyo, anaishi Kigali. Alikuja na mkewe kumsalimia mama yao, wakiwa na gari lao la umeme. Asubuhi aliniambia, "Dada mwalimu, mpeleke mama Kamembe sokoni, ujionee gari la kisasa." Akanionyesha mambo machache: hakuna klachi, hakuna gia za kubadili, na ukiachia pedeli ya mwendo gari linapunguza kasi lenyewe mpaka linasimama na kubaki hapohapo.

Nililipenda. Kwenye mteremko nililegeza mguu tu, gari likajizuia. Kwenye mlima lilisimama kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, halikurudi nyuma hata kidogo. Tulipofika Kamembe nilikuwa nimeshasahau kwamba breki ipo.

Mchana wifi yangu alilichukua kwenda upande wa daraja la Rusizi kumpokea ndugu yake. Kule, kama mjuavyo, magari husogea kwa dhiraa, huku watu wenye mabeseni na magunia vichwani wakipita katikati. Wifi hapendi gari linalosimama kila anapoachia pedeli. Anapenda lile linalojiendea taratibu ukiachia breki, ili kwenye foleni afanye kazi na pedeli moja tu, ya breki. Basi alibonyeza kwenye kioo cha mbele, akabadili mpangilio. Aliporudi hakusema, nami sikuuliza. Jioni nikampakia shangazi kumrudisha kwake.

Gari lilikuwa kwenye gia ya kwenda mbele, sikuwa nimeliweka kwenye gia ya maegesho. Asubuhi nzima lilikuwa limenifundisha kwamba mguu ukiondoka, lenyewe linabaki. Saa chache tu zilitosha kuufundisha mguu wangu tabia mpya, na mguu ukishajifunza hauulizi tena.

Tabia hii ilitoka wapi?

Kwa wasiofahamu, kujiendea huku, nitakuita kutambaa, ni tabia ya kurithi kutoka magari ya otomatiki ya mafuta. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza otomatiki yake ya Hydra-Matic mwaka 1939, ikafungwa kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Katika otomatiki za aina hiyo, na zilizofuata, injini haijaunganishwa na gia kwa chuma kwa chuma. Katikati kuna mafuta yanayozungushwa. Injini inaponguruma, hata bila kukanyagwa, mafuta yale huzunguka na kusukuma upande wa pili, nao hupeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukiachia breki, gari linaondoka kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Kwa hiyo hakuna aliyeketi akabuni kutambaa ili kumpendeza dereva. Kulitokana na mafuta yale. Lakini vizazi vya madereva vilikulia humo, wakajifunza kuegesha na kusogea kwenye foleni kwa breki peke yake.

Mota ya umeme haina kawaida hiyo. Gari likisimama, mota nayo imesimama. Hakuna kinachozunguka kikisubiri. Ili gari la umeme litambae, kompyuta yake lazima iamriwe kupeleka umeme kidogo kwenye mota. Maana yake ni kwamba kutambaa kwa gari la umeme ni uamuzi wa mtu, na uamuzi unaweza kubadilishwa kwa kubonyeza kidole, kama wifi alivyofanya.

Watengenezaji wenyewe hawajakubaliana. Model S ya Tesla ilipoingia sokoni mwaka 2012 haikuwa ikitambaa, lakini muda si mrefu kampuni hiyo iliwapa wenye magari chaguo la kutambaa, kwa kubadili programu tu. Mwaka 2019 ikaongeza chaguo la gari kujishikilia hadi kusimama. Nissan nayo, katika Leaf ya kizazi cha pili iliyotoka mwaka 2017, iliweka swichi ya kuendesha kwa pedeli moja: ukiachia, gari linasimama na kubaki. Lakini katika gari lake lililofuata, Ariya, Nissan iliacha kulisimamisha kabisa. Linapunguza mwendo tu, kisha dereva anamalizia kwa breki. Nchini China, kiwango kipya cha breki kilichotangazwa mwaka 2025, na kuanza Januari 2026 kwa aina mpya za magari, hakitaki mpangilio ambao gari linatoka nao kiwandani uwe ule wa kulisimamisha kabisa kwa kuachia pedeli ya mwendo. Hofu ni kwamba dereva atasahau njia ya kwenda kwenye breki siku ya dharura.

Nani ana haki?

Jioni ile, baada ya shangazi kupakwa dawa, mabishano yalikuwa makubwa. Binamu alitetea gari linalosubiri. Alisema mlimani halirudi nyuma, mguu hauchoki, na nguvu ya kupunguza mwendo inarudi kwenye betri badala ya kupotea kama joto la breki. Ni kweli.

Wifi alitetea gari linalotambaa. Alisema kwenye foleni mguu wake unakaa juu ya breki muda wote, hivyo mtoto akikatiza ghafla hana haja ya kuhamisha mguu, ameshafika. Hilo nalo ni kweli. Aliongeza jambo ambalo sikuwa nimeliwaza: gari la umeme halina sauti likiwa limesimama, kwa hiyo kutambaa ndiko kunakomkumbusha dereva kwamba liko hai. Gari linalosimama kimya linaweza kukudanganya kuwa umelizima.

Nilipima hoja zote mbili kama ninavyopima insha za wanafunzi, na siwezi kumpa yeyote sifuri. Wote wawili wanaendesha salama, kila mmoja kwa mazoea yake. Aliyeangukiwa na balaa ni yule aliyekuwa kati ya mazoea mawili bila kuambiwa. Pale Rusumo kila dereva anajua kwamba hapa ndipo panapobadilishwa upande. Ndani ya gari la binamu yangu hapakuwa na Rusumo.

Kwa nini mpakani jambo hili ni zito

Magari ya umeme si hadithi ya mbali tena. Mwaka 2019 Volkswagen na Siemens zilizindua Kigali majaribio ya magari ya e-Golf, na mwaka huohuo pikipiki za umeme za Ampersand zilianza kubeba abiria katika jiji hilo. Aprili 2021 Baraza la Mawaziri lilipitisha mkakati wa kuhamasisha usafiri wa umeme, pamoja na misamaha ya kodi. Mwishoni mwa 2023 mabasi ya umeme ya BasiGo nayo yakaingia barabarani. Gari likishazoeleka Kigali, siku za sikukuu linapita msitu wa Nyungwe na kufika kwetu.

Na kwetu watu hawatembei mbali na magari. Mama anayevuka na nyanya anapita nusu mita mbele ya bampa, uso ukiwa umezuiwa na mzigo. Kwa miaka yote amejilinda kwa masikio: injini ikinguruma anajua dereva anataka kuondoka. Ulaya iliona hatari hiyo, ikaagiza magari mapya yote ya umeme, kuanzia Julai 2021, yatoe sauti ya bandia yakiwa chini ya kilomita 20 kwa saa. Lakini si kila gari linaloletwa huku lilitengenezwa chini ya sheria hiyo, na hata lenye sauti hiyo linaweza kumezwa na kelele za sokoni.

Kuna jambo jingine kwa wakazi wa milimani. Ile nguvu ya kujizuia ukiachia pedeli hutegemea betri kuwa na nafasi ya kupokea umeme. Betri ikijaa pomoni, magari mengi hupunguza kujizuia huko. Mtu aliyechaji hadi mwisho huku juu kisha akaanza kuteremka kuelekea Bugarama anaweza kuona gari likikimbia kuliko jana. Breki ya kawaida ipo na inafanya kazi. Aikanyage bila kusita.

Maswali kabla ya kupokea funguo

Baada ya siku ile, familia yetu imejiwekea utaratibu, nami nauleta kwa wasomaji. Kwanza, kabla ya kupokea gari la umeme la mtu, uliza: nikiachia pedeli zote mbili, linatambaa, linaserereka au linasimama? Usitosheke na jibu. Lijaribu mahali tupu, ukiwa na mguu karibu na breki.

Pili, ukibadili mpangilio, urudishe ulivyoukuta, au mwambie anayekufuata. Magari mengine hutunza mpangilio wa kila dereva kwa jina lake. Kama lako linaweza, tumia nafasi hiyo.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote: abiria asishuke mpaka gari limewekwa kwenye gia ya maegesho na breki ya mkono imefungwa. Kujishikilia kwa gari si kuegesha. Wala ukimya si kuzimwa.

Nawe unayetembea na mzigo, usiamini ukimya wa gari lenye dereva ndani. Mtazame usoni, na ikiwezekana pita nyuma yake akiwa amekuona.

Shangazi amepona. Bado anavuka na biashara yake kama kawaida. Wiki iliyopita nilimpa lifti kwa kigari changu kikuukuu cha gia za mkono, kinachotikisika na kunguruma hata kikiwa kimesimama. Tulipofika kwake alikaa kimya, hakugusa mlango. Nikamuuliza, "Shangazi, mbona hushuki?"

"Zima kwanza, mwanangu," akasema, "na huo mkono wa breki nikusikie ukiuvuta."