Jina la Muziki: Nani Ana Haki ya Kulitoa?

Mtu wa kijijini ajua ya kuwa ngoma si moja. Wamakonde wana sindimba yao. Wazaramo wana mdundiko. Wasukuma wana bugobogobo, ngoma ya majembe. Lakini mgeni apitaye barabarani usiku husikia kitu kimoja tu, akasema: "Watu wa hapa wanapiga ngoma." Hakusema uongo, walakini hakujua kitu.

Hivyo ndivyo tulivyo wengi wetu mbele ya muziki wa mitambo, yaani ule usiopigwa kwa gitaa wala tarumbeta, bali hutengenezwa kwa vyombo vya umeme na kompyuta. Kijana ausikiliza katika simu yake, na baba aliyeketi karibu aona ni kelele moja tangu asubuhi hata jioni. Kumbe kijana yule aweza kukutajia aina ishirini, tena akueleze kila moja ilizaliwa mji gani.

Leo twataka kueleza namna aina hizo zinavyopangwa, na ni nani azipangaye. Utaona ya kuwa jambo hili si mchezo wa vijana tu. Ndani yake mna swali kubwa: kazi ya mikono ya mtu maskini itakumbukwa kwa jina la nani?

KITABU CHA WATU WOTE

Katika intaneti viko vitabu visivyo na mwandishi mmoja. Msomaji yeyote aweza kuongeza habari, au kusahihisha aliyoyaandika mwenzake. Kitabu cha namna hiyo huitwa wiki. Usidhani ni wiki ya siku saba; neno hili latoka kwa wenyeji wa visiwa vya Hawaii, na maana yake ni "haraka". Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyelitumia hivyo kwanza, mwaka 1995. Wikipedia, ambayo yajulikana kuliko zote, ilianza mwaka 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003.

Wapenzi wa muziki hawakukawia. Mwaka 2000 kijana Kevin Lewandowski, wa mji wa Portland huko Marekani, alianzisha Discogs, orodha kubwa ya santuri iandikwayo na wapenzi wenyewe. Hapo mwanzo ilikuwa ya muziki wa mitambo tu. Waandikao katika vitabu hivi hujitolea. Mmoja akisema wimbo huu ni wa aina hii, na mwingine akikataa, hubishana kwa maandishi, kila mtu na hoja yake.

WAPIMA NINI?

Kwanza wapima mwendo, yaani mapigo mangapi katika dakika moja. Hata wewe waweza. Shika saa, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara nne. Muziki uitwao hausi hupiga kama mara 120 hadi 130. Ule uitwao dramu na besi hupita 160.

Pili, wasikiliza mpango wa ngoma. Katika hausi ngoma nzito hupigwa sawasawa, moja, mbili, tatu, nne, kama mwanamke atwangaye kinuni. Katika dramu na besi mapigo huvunjwavunjwa, moja likichelewa na jingine likiwahi. Tatu, watazama chombo kilichotoa sauti. Nne, wauliza: muziki huu ulianzia wapi, na wenyewe ni nani?

Mambo matatu ya kwanza hayataki zaidi ya saa na masikio. La nne ndilo lenye ugomvi, maana nyimbo mbili zaweza kulingana kwa mwendo, na bado kila moja ni mtoto wa nyumba yake.

MAJINA YALIVYOZALIWA

Mwaka 1977, katika mji wa Chicago, ilifunguliwa nyumba ya dansi iliyoitwa The Warehouse, maana yake ghala. Mpiga santuri wake alikuwa Frankie Knuckles. Waliocheza humo wengi wao walikuwa vijana Weusi, na wengine wenye asili ya Amerika ya Kilatini, watu ambao penginepo hawakukaribishwa vizuri. Husimuliwa ya kuwa duka moja la santuri lilibandika karatasi kuonyesha ni santuri zipi zipigwazo katika ghala lile. Jina likakatwa, likabaki "hausi". Basi jina hilo si la chombo wala la mwendo. Ni jina la mahali ambapo watu walipata nafasi. Mwaka 2004 mji wa Chicago uliiita sehemu ya barabara ya pale kwa jina la Knuckles.

Tazama tena habari ya mtambo mdogo uitwao TB-303. Kampuni ya Roland ya Japani iliutengeneza ili umsaidie mpiga gitaa asiye na mwenzake wa kupiga besi. Lakini sauti yake haikufanana na gitaa la besi hata kidogo. Watu hawakuununua, na mwaka 1984 kampuni iliacha kuutengeneza. Mitambo iliyobaki ikauzwa kwa bei ndogo. Vijana watatu wa Chicago, waliojiita Phuture, wakaupata mmoja, wakavizungushazungusha vifundo vyake mpaka ukatoa mlio wa ajabu, wa kukwaruza na kulialia. Mwaka 1987 walitoa santuri ya "Acid Tracks", na tangu hapo hausi ya asidi ni aina yenye ukurasa wake. Jiwe walilolikataa wenye duka, vijana walijengea nyumba.

Na tekno je? Hiyo ni ya Detroit, mji wa viwanda vya magari. Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson walisoma pamoja katika mji mdogo wa Belleville ulio karibu. Mwaka 1988 watu wa Uingereza walitaka kutoa santuri ya kukusanya muziki wa Detroit, nao walikuwa wamekusudia kuiita hausi ya Detroit. Atkins akaleta wimbo wenye neno "techno", na santuri ikatoka kwa jina hilo. Lau hakufanya hivyo, huenda muziki wao ungeandikwa mpaka leo kuwa tawi tu la Chicago. Baadaye tekno ilienea sana Ulaya, hasa Berlin, hata wako vijana waliodhani ilizaliwa huko.

HASARA YA KUTOANDIKWA

Mwaka 1969 kikundi cha Marekani kiitwacho The Winstons kilitoa wimbo "Amen, Brother", maana yake "Amina, Ndugu". Katikati yake mpiga ngoma Gregory Coleman alipiga peke yake kwa muda wa sekunde saba hivi. Miaka ikapita. Watengenezaji wa muziki wa mitambo wakazikata sekunde zile, wakaziharakisha, wakazirudia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, muziki mzima wa London, ule ulioitwa kwa jina la "msitu", ulisimama juu yake, na dramu na besi ikafuata. Leo mapigo yale yamo katika nyimbo maelfu.

Je, Coleman alipata nini? Hakupata hata senti moja. Alikufa mwaka 2006, maskini asiye na nyumba. Mwaka 2015 wapenzi wa muziki Uingereza walichanga paundi 24,000, wakampa Richard Spencer, kiongozi wa kikundi kile. Coleman hakuwapo tena kupokea.

Basi umeona. Kuandika "ngoma hii ni ya fulani" si kazi ya bure. Deni lisiloandikwa halilipwi.

USHAHIDI NI WA NANI?

Wikipedia ina sheria: neno la mwandishi peke yake halitoshi, sharti lishuhudiwe na kitabu au gazeti la kuaminiwa. Sheria hii ni nzuri. Bila hiyo kila mwenye kupenda sifa angebuni aina yake ya muziki leo, na kesho kuiita kongwe. Lakini ina shida yake. Mahali ambapo magazeti hayafiki, ukweli nao hukosa shahidi. Watu elfu wa mtaa mmoja waweza kuujua muziki na kuuchezea, na bado ukurasa wake ukafutwa kwa kukosa ushahidi.

Tuna mfano kwetu. Singeli ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese na Tandale. Vijana walichukua vipande vya taarabu, wakaviharakisha kwa kompyuta, na mwenzao akaghani juu yake katika sherehe za usiku za mitaani ziitwazo vigodoro. Mapigo yake hufika 200 kwa dakika na hata kupita. Wengi mjini waliita uhuni. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa "Sounds of Sisso", kutoka studio ya Mburahati, na waandishi wa Ulaya wakaanza kuandika habari zake. Vyema sana. Lakini je, ilifaa habari za mtoto wetu tuzisome kwanza kwa wageni?

Kwa hiyo, baba na mama, mtoto akisikiliza muziki wake, usiseme tu "punguza kelele". Mwulize: huu waitwaje, umetoka wapi, nani alianza? Huenda akakufundisha kitu. Kisha nawe mfundishe. Mpe daftari aende kwa bibi na babu, aandike majina ya ngoma za kijiji: nani alizipiga, kwa kazi gani, mwaka gani, ngoma ngapi, nani aliimbisha. Jina lililoandikwa na mwenyewe, likiwa na mahali na mwaka, mgeni hawezi kulibadilisha kwa urahisi. Anzeni na wale walio wazee kuliko wote, maana hao hawatangoji.