Donge la Koo na Kiungulia

Mwezi huu tumeona vema kuandika habari za ugonjwa uwasumbuao watu wengi katika nyumba zetu, ingawa ni wachache wausemao wazi. Mtu huhisi donge limekaa kooni, kana kwamba amemeza kokwa ya ubuyu isiyoshuka wala kutoka. Humeza mate, lipo; hukohoa, lipo; hunywa maji, likatulia kidogo, kisha likarudi. Pengine kifua chamwaka moto, na maji machungu yampanda mpaka kinywani: hicho ndicho kiungulia. Wengine hawaungulii hata kidogo, wana donge tu. Miezi yapita, naye hana raha. Usiku awaza kifo.

Huku kwetu, toka Kilwa hata Lindi, jambo hili likitokea husemwa maneno matatu. La kwanza, "Amelishwa kitu." La pili, "Ni kimeo, kikatwe." La tatu husemwa kwa kunong'ona, "Ni saratani." Yatupasa kuyapima yote matatu, maana kila moja laweza kuleta hasara nyumbani.

Habari ya kulishwa. Katika kigango kimoja cha pwani hii tulimjua mama aliyekula wali harusini kwa wifi yake, na usiku ule koo likamkaba. Watu wakamwambia amelishwa, naye akasadiki. Kwa muda wa miaka miwili wifi hao hawakupeana mkono, hata mlangoni pa kanisa. Hatimaye alikwenda hospitali. Daktari akamtazama koo, akampapasa shingo, akamwuliza habari za chakula chake na usingizi wake, akamwambia kuwa ni tindikali ya tumbo ipandayo. Akashika mashauri aliyopewa, na donge likapungua pole pole. Lakini donge la pili, lile la moyoni, halikuwa na kidonge. Ilimbidi aende kwa miguu yake mwenyewe kwa wifi yake kumwomba radhi.

Habari ya kimeo. Kimeo ni kile kinyama kidogo kining'iniacho nyuma ya kinywa. Mwenyezi Mungu hakukiweka bure: husaidia kuziba njia ya pua tumezapo, chakula kisipotee njia. Wako watu wazungukao vijijini na kisu chao, wakisema kukikata ni dawa ya kikohozi na ya koo. Ndugu, msikubali, wala kwa mtu mzima wala kwa mtoto. Wengi wametoka damu nyingi, wengine wamepata pepopunda, na kisu cha watu wengi chaweza kuchukua viini vya UKIMWI. Tena donge hubaki palepale, kwa kuwa halikutoka kwenye kimeo.

Basi latoka wapi? Tumboni mna maji makali, yaani tindikali, ya kusaga chakula. Juu ya tumbo, pale umio uingiapo, pana msuli kama kamba ya mdomo wa mfuko: hufunguka chakula kipite, kisha hufunga. Kamba hiyo ikilegea, tindikali hupanda na kuuchoma umio, na misuli ya koo hukaza. Kukaza huko ndiko mtu akuonako kama donge, wala hapana kitu ndani. Lakini si kila donge latokana na tindikali. Misuli ya koo hukaza pia kwa wasiwasi, kwa huzuni isiyoliliwa na kwa uchovu. Hata lugha yetu yalijua neno hili, maana twasema mtu amekabwa na kilio.

Zamani hata waganga wa Ulaya walisema kuwa ni ugonjwa wa wanawake wenye roho dhaifu. Mwaka 1707 Mwingereza John Purcell alieleza kwamba ni misuli ya shingo ikazayo. Na mwaka 1968 mwenzake Malcomson alionyesha kuwa wengi wa wagonjwa hawa hawana kasoro ya akili. Basi mtu asimcheke mwenziwe, wala asimwambie kwamba ajitia ugonjwa.

Sasa habari ya saratani, na hapa tusomeni kwa makini. Donge lisilo na hatari huonekana zaidi mtu amezapo mate matupu; akila ugali na samaki, chakula hupita vema, na pengine donge husahauliwa. Saratani ya umio ina njia nyingine: kwanza nyama na ugali hukwama, baadaye uji, mwisho hata maji. Ugonjwa huo waonekana sana katika nchi zetu za mashariki ya Afrika, kwa hiyo usidharauliwe. Akwamwaye na chakula, akondaye bila sababu, atapikaye damu au apataye choo cheusi kama lami, aliyepwelewa sauti zaidi ya majuma matatu, aumiaye amezapo, au aliyeota uvimbe shingoni, asingoje mwezi mwingine. Na aende Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Sokoine pale Lindi, au Nyangao, au Ndanda, apimwe; na ikibidi, apelekwe kwenye kipimo cha mpira mwembamba wenye taa, ushukao mpaka tumboni. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Asiye na dalili hizo na ashike mashauri haya nyumbani:

Kwanza, ale chakula cha jioni mapema, apate saa tatu kabla ya kulala. Sikukuu zetu zina desturi ya pilau usiku wa manane, kisha watu huanguka mkekani. Hapo ndipo tindikali hupanda.

Pili, ainue upande wa kichwa wa kitanda kwa matofali au vipande vya mti, kadiri ya shubiri moja. Mito mingi haifai, maana hukunja tumbo. Na alalie ubavu wa kushoto.

Tatu, ale kidogo kidogo, asishibe mno. Na ajichunguze ni kitu gani kimwunguzacho: kwa mmoja ni pilipili, kwa wa pili embe mbichi na ndimu, kwa wa tatu mafuta mengi au kahawa. Tumbaku, tembo, uraka na gongo hulegeza kamba ile ya tumbo. Hayo heri kuyaacha.

Nne, chai ipoe kidogo. Mwaka 2016 mabingwa wa tawi la Shirika la Afya Duniani la utafiti wa saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, walisema kuwa kinywaji chenye joto kupita digrii 65 yaelekea huleta saratani ya umio.

Tano, walimu wenzetu na waimbaji waache kujikohoza kila mara, maana huchubua koo na kuzidisha donge. Afadhali funda la maji.

Sita, dawa. Omeprazoli huwafaa wengi wenye kiungulia, ikinywewa nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi. Donge peke yake pengine halisikii dawa hiyo. Lakini kuinunua dukani mwezi hata mwezi bila shauri la daktari si vema. Na vidonge vya maumivu, kama aspirini na diklofenaki, huumiza tumbo.

Mwisho, tuwe na saburi. Donge hili mara nyingi huenda na kurudi, hasa siku za mashaka, wala kurudi kwake si alama ya kifo. Mtume Paulo hakuona aibu kumshauri Timoteo juu ya tumbo lake, na mwenzake Luka alikuwa tabibu. Basi tusali, twende hospitali, wala tusimshitaki jirani kwa kosa la tindikali.