Je, Wajua? Nondo Mdogo Anayeuzalisha Mti wa Jangwani

Katika jangwa la Mojave, kusini-magharibi mwa Marekani, huota mti wa Joshua, aina ya yuka na jamaa wa mkonge wetu wa Tanga. Huweza kupita mita 10 kwa urefu, lakini mbegu zake zote hutegemea nondo anayeenea ndani ya ua moja.

Je, wajua kwamba nondo huyu huchavusha kwa makusudi?
Nyuki huchavusha maua akiwa katika shughuli zake. Nondo jike wa yuka ameumbiwa kazi hiyo: mdomoni ana vikono viwili vilivyojikunja. Hukwangua chavua, huifinyanga tonge, huibana chini ya kichwa na kuruka hadi ua jingine. Hapo hutoboa ovari, hutaga, kisha hupanda juu na kuishindilia chavua kwenye stigma.

Je, wajua kwamba yeye mwenyewe hali kitu?
Nondo mzima hafaidi hata tone la nekta. Faida ni ya watoto: viwavi hula baadhi ya mbegu, na zinazosalia ndizo mbegu za mti.

Je, wajua kwamba wako wa aina mbili?
Magharibi yupo Tegeticula synthetica. Mashariki yupo Tegeticula antithetica, mwenye umbo dogo zaidi, aliyepewa jina lake mwaka 2003. Mrija wa kutagia wa kila mmoja unalingana na kina cha ua la mti wa upande wake.

Je, wajua kwamba viwavi hawa wana subira?
Kiwavi akishiba hushuka, hujichimbia mchangani, hujifunga ndani ya kifukofuko na kulala. Viwavi wa nondo wa ukoo huohuo, Prodoxus y-inversus, waliokusanywa Nevada mwaka 1969, waliwekwa maabara. Baadhi yao walitoka wakiwa nondo kamili baada ya miaka 30!

Je, wajua kwamba Darwin alistaajabu?
Charles Riley alipoeleza kazi ya nondo wa yuka katika miaka ya 1870, Charles Darwin aliihesabu kuwa ya ajabu kuliko habari zote za uchavushaji zilizowahi kuchapishwa.

Yuka zinazopandwa bustanini mbali na Amerika huchanua vizuri, ila ni nadra kuzaa, kwa kuwa nondo wake hayupo. Kwa hiyo anayeutunza mti wa Joshua autunze pia mchanga ulio chini yake, maana humo ndimo walimolala wachavushaji wake.