Shaka Isiyokwisha: Kati ya Mzima na Mgonjwa

Mtu amefunga mlango, amevuta kitasa, amefika kituo cha daladala. Hapo shaka inamwingia: hivi nimefunga kweli? Anarudi. Wengi tumewahi kurudi, na hakuna aliyetuita wagonjwa.

Hali hii ikizidi, madaktari huiita OCD: mawazo yanayong'ang'ania kichwani, na vitendo vya kurudiarudia ili kuyatuliza. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba asilimia 2.3 ya watu wazima waliwahi kufikia kiwango cha ugonjwa. Namba hiyo ndiyo hutajwa kila mara. Lakini utafiti uleule ulionyesha kuwa zaidi ya robo ya watu, asilimia 28, waliwahi kuwa na dalili zake.

Mawazo peke yake yameenea zaidi. Mwaka 1978, Stanley Rachman na Padmal de Silva wa London waliwauliza watu wazima wa akili kama huwajia mawazo mabaya wasiyoyataka, kwa mfano ya kumdhuru mtu. Wanane kati ya kumi walikiri. Kisha wataalamu wakapewa mawazo hayo yakiwa yamechanganywa na ya wagonjwa, wayatenganishe. Hawakufanya vizuri, na mimi siwalaumu.

Mzima huliacha wazo lipite. Mgonjwa huliona kama ushahidi dhidi yake, akatafuta la kufanya ili apoe. Hupoa kweli, kwa dakika chache, na huo ndio mtego: kesho atahitaji kurudia zaidi.

Waumini wa pwani wanaijua hali hii kwenye udhu. Mtu ameosha mkono hadi kiwiko, anahisi pamebaki pakavu, anaanza upya. Ndoo inaisha, wenzake wako rakaa ya pili. Masheikh humwambia yakini haiondolewi na shaka, aende akaswali. Ushauri huo unakaribiana sana na tiba aliyoianzisha Victor Meyer mjini London mwaka 1966: mgonjwa hukabili anachokiogopa, huku akizuiwa kurudia kitendo chake.

Kipimo kimoja wanachotumia madaktari ni muda: zaidi ya saa moja kwa siku; kingine ni kazi na familia kuvurugika. Ukifika hapo, usione haya kumwona daktari wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo ipo, na dawa zipo.