Kulala kwa bei nafuu karibu na Disneyland Paris

Si ajabu siku hizi kumsikia mzazi wa Mombasa au Malindi akisema anajipanga kuwapeleka watoto Disneyland Paris, hasa akiwa na ndugu Uingereza watakaokutana naye huko. Nauli ya ndege anaijua, tiketi ya bustani anaijua. Panapomtoa jasho ni hotelini, kwa sababu bei anayoiona kwenye simu siyo atakayolipa mwishowe.

Bustani yenyewe, iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, haiko ndani ya jiji. Iko Marne-la-Vallée, kilomita 30 na kitu mashariki mwa Paris. Hoteli za Disney, hata zile za chini kama Santa Fe na Cheyenne, huwa ghali mno likizo zikichanganya. Wageni wake huruhusiwa kuingia mapema kabla ya wengine, lakini kwa mwenye watoto wadogo wasiokubali kuamshwa alfajiri, sioni faida hiyo ina uzito gani.

Wengi hurudi nyuma kituo kimoja. Treni ya RER A huishia Marne-la-Vallée Chessy, mlangoni mwa bustani, na kituo cha kabla yake ni Val d'Europe, mwendo wa dakika chache tu. Hapo kuna hoteli na vyumba vyenye jiko dogo, na duka kubwa la Auchan ndani ya jengo la maduka karibu na stesheni. Jiko hilo lisidharauliwe. Chakula cha bustanini ni ghali, na anayekula halali atapumua akijua chakula cha jioni anakipika mwenyewe. Bebeni adapta pia. Soketi za Ufaransa ni za pini mbili za mviringo.

Ukiamua kulala Paris kwenyewe, safari ni kama dakika 40 kutoka Châtelet. Tangu Januari 2025 nauli ya treni mkoa mzima ni moja, na ilianza kwa yuro 2.50, ila safari za viwanja vya ndege zina bei yake. Angalieni ubao kabla ya kupanda: reli hugawanyika baada ya Vincennes, na treni ya Boissy-Saint-Léger haifiki Disney.

Sasa hesabu ya chumba. Kuna kodi ya utalii, kwa kila mtu mzima kila usiku, ambayo mara nyingi hulipwa hotelini. Walio chini ya miaka 18 hawalipi. Idadi ya watu nayo haina mjadala. Kwetu watoto hulazwa mkekani na maisha yakaendelea, lakini kule chumba cha watu wanne ni cha watu wanne, na familia ya sita huenda ikalazimika kuchukua viwili.

Jambo kubwa zaidi ni viza. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji ya Schengen, na katika maombi hutakiwa kuonyesha atakapolala. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ukikataliwa hairudi. Hoteli huuza chumba kilekile kwa bei mbili: ya chini isiyorudishwa, na ya juu kidogo ambayo waweza kuifuta bure hadi siku fulani. Kwa msafiri wa huku kwetu, ile ya juu ndiyo nafuu. Ukichukua ya chini na viza ikakataliwa, umepoteza ada ya familia nzima na pesa za malazi juu yake. Viza huombwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, basi chagueni nafasi ambayo siku yake ya mwisho ya kufuta inakuja baada ya jibu. Na wakala akikuletea karatasi ya hoteli, andikia hoteli yenyewe uulize kama jina lako limo. Karatasi ya uongo yaweza kukunyima viza.

Bei za huko hupanda wikendi na shule za Ufaransa zinapofunga. Likizo yetu ndefu ya mwisho wa mwaka huwakuta watoto wao darasani kuanzia katikati ya Novemba hadi karibu na Krismasi. Siku za wiki katika kipindi hicho vyumba huwa vya bei ya chini. Baridi ipo, tena kali, kwa hivyo tengeni pesa za makoti.